Boti Iliyokataa Kuruka

Mniwie radhi, wasomaji. Kisa hiki nitakisimulia vibaya, kwa sababu kilipotokea nilikuwa nimeshika kofia kwa mkono mmoja na roho yangu kwa mwingine.

Tulikuwa kwenye bwawa lililo chini ya Kibera, miaka ile ya sabini na kitu. Mwenye boti alikuwa amemwambia jirani yangu wa mtaa wa Mashimoni, hapo hapo Kibera, fundi wa majiko aliyezaliwa kando ya ziwa: "Ikiinuka na kuteleza juu ya maji leo, kazi ya ufundi wa boti hapa ni yako. Ikikataa, rudi kwenye majiko." Mimi nilikwenda kumtia moyo, nikajikalia nyuma, karibu na injini.

Injini ikanguruma. Pua ya boti ikaelekea mbinguni, mkia ukajiburuta majini kama ng'ombe aliyekataa kwenda sokoni. Fundi akakagua propela, akafuta plagi, akaisogeza injini tundu moja kwenye kishikio chake. Wapi!

"Labda petroli ina maji," nikamshauri.

"Labda, mzee," akajibu, akinitazama kiunoni kwa heshima.

Pale ukingoni, mwenye boti akatazama saa.

Fundi akapangusa jasho. "Mzee, hebu njoo huku mbele unionyeshe paa la nyumba yako kule juu ni lipi."

Nikatambaa hadi mbele, nikanyoosha kidole. Pua ikashuka, boti ikainuka, tukaruka! Kina mama waliokuwa wakifua wakapiga vigelegele.

"Kazi umepata!" mwenye boti akasema fundi aliposhuka. "Ulitengeneza nini?"

Fundi akakohoa. "Nilihamisha mzigo tu, bosi."

Nikageuka kuutafuta huo mzigo. Ndani ya boti nilibaki mimi peke yangu.