Picha Ndani ya Gari la Bosi

Gari lilikuwa la bosi, na kwa umri lilimpita mama yangu. Lilitengenezwa Marekani miaka ya hamsini, na bosi alipenda kuwaambia wageni kwamba Saudia nzima ukiyahesabu ya aina yake, vidole vya mkono mmoja vitabaki. Lilikuwa jeusi, refu, vyuma vyake vinang'aa hadi unajiona meno, na nyuma lina mapezi mawili kama ya papa. Lilikaa kwenye gereji yenye kiyoyozi, kule Al-Malqa, Riyadh, nilikokuwa mfanyakazi wa ndani. Kiyoyozi cha chumba changu kilikuwa kinakohoa tu. Nilipaswa kulichukia gari lile, lakini nililipenda.

Kila Alhamisi nililipangusa mimi. Bosi alisema wengine wana mkono mzito, wangu ni mwepesi. "Mafi sabuni, mafi pete," aliniambia siku ya kwanza, yaani sabuni hakuna, pete hakuna, nami nikavua pete yangu nikaitia mfukoni. Nilianza nje, taratibu, kwa kitambaa laini. Nikifika ndani, kwenye viti vya ngozi nyeupe, nilichelewa makusudi. Mlango ule ukifungwa, kelele zote za nyumba zilibaki nje, madam na watoto na kengele ya jikoni. Kwa dakika tano hakuna aliyeniita.

Siku moja bosi alikwenda kuswali, na dereva wetu, Mganda mmoja mcheshi, akanikuta humo. "Hebu kaa kwa usukani, dada," alisema. "Wacha nikupige picha, kwenu wakuone." Nikavua aproni. Nikashika usukani, nikatabasamu kama mwenye mali, na picha nikaituma kwenye grupu la familia bila neno hata moja. Nilijiambia sijadanganya, maana sikusema gari ni langu.

Hawakuhitaji nisemeshe picha, waliisemesha wenyewe. Mama alimshukuru Mungu mchana kutwa. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, alinipigia simu jioni ile ile. "Dada, niambie ukweli. Maisha ya huko ndiyo hayo?"

Aliniuliza kwa dhati, na jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia kwamba naamka kabla ya wote na nalala baada ya wote, na kwamba pasipoti yangu sijaiona tangu siku niliyotua. Lakini nilikuwa nimeonja kuwa mtu mkubwa kwetu, na utamu wake ulikuwa bado mdomoni. Nikacheka. "Si umejionea mwenyewe?"

Baada ya miezi michache aliacha chuo, akaja. Ajenti alimpeleka Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kwenye nyumba ya ghorofa tatu yenye wazee wawili wa kuinuliwa kitandani. Simu alipewa Ijumaa tu. Alipopiga alinieleza habari za joto, basi. Hakunilaumu hata mara moja. Laiti angenitukana, ningepata pa kupumulia.

Mwaka jana binti wa kaka yake bosi aliolewa huko huko Jeddah. Gari likapakiwa kwenye lori ili limbebe bibi harusi, nami nikapelekwa pamoja na kitambaa changu. Nyumba ya harusi ilikuwa Al-Nuzha, na madam wa mdogo wangu, ambaye ni jirani yao, alimwazimisha aje kuosha vyombo. Ndivyo tulivyokutana uani, saa nne asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu tuagane nyumbani. Nilipomkumbatia nilihisi mbavu. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa ya kusafishia vyoo.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Njia nzima kutoka Riyadh niliyapanga na kuyapangua: nisamehe, mimi ndiye niliyekutoa chuoni, tena kwa picha. Yeye akanipita, akaenda kwenye gari. Akalizunguka polepole.

"Kumbe ni hili," alisema.

"Ni hili."

"Ni zuri kweli, dada." Hakuwa na kejeli yoyote. Nilitamani awe nayo.

Kisha akageuka. "Nipige picha na simu yako. Mama hana raha, kila mara anauliza mbona situmi picha."

Nikamfungulia mlango. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka chini ya miguu yake, akashika usukani. Nikainua simu, na kwenye kioo chake nikaiona ile mikono, myekundu, ngozi imechanika kwenye vifundo vya vidole. Picha ile ingemfikishia mama ukweli wote bila mimi kufungua kinywa. Maneno yangu ya msamaha yalikuwa bado tayari.

"Mikono weka chini," nikamwambia. "Haya, cheka kidogo."