Timu ya Sabuni na Jina Langu

Nilipofika Jeddah nilikuwa tayari nimekaa Riyadh zaidi ya mwaka, kwa hiyo sikuwa mgeni wa kuonewa huruma. Kule Riyadh, karibu na Shumaisi, nilimtunza mama mmoja mzee aliyekuwa hawezi kutembea. Alipofariki, watoto wake walikaa kikao, wakaamua nihamie kwa binti yake Jeddah, mtaa wa Aziziya. Mimi sikuulizwa. Kafili, yaani mdhamini wangu, alibadilishwa, ikama, kibali changu cha ukaazi, ikabadilishwa, nikasafirishwa pamoja na mazulia na masufuria ya marehemu.

Madam alinipokea vizuri. Alinionyesha chumba changu kando ya jikoni, mashine ya kufulia, mahali pa kupigia pasi. Kisha akaniambia kwamba katika nyumba ile nitaitwa kwa jina la dada aliyenitangulia, kwa kuwa watoto walishalizoea. Baadaye nikaja kusikia kwamba hata huyo dada halikuwa jina lake. Lilikuwa la mwanamke wa kwanza kabisa kufanya kazi pale, mtu wa nchi nyingine. Tulikuwa tukipokezana jina hilo kama aproni.

"Langu si gumu, madam," nilimwambia.

"Halas, basi. Watoto wamezoea hilo."

Nikaenda kufungua mzigo wangu. Mimi ni kifungua mimba, na nyuma yangu wako watatu. Baba alikufa, mama akamfuata, na shule yangu ikaishia kidato cha kwanza ili ya wenzangu iendelee. Kumeza mambo nilikujua. Lakini hili lilinikwama kooni. Wadogo zangu hawajawahi kuniita kwa jina. Kwao mimi ni Dada, na heshima hairuhusu zaidi ya hapo. Jina langu alilitaja mama, na baada yake yule mgonjwa wa Riyadh, aliyeliita kutoka kitandani huku akilipinda kidogo, maana lina sauti ambayo Kiarabu hakina. Sasa nikikubali la madam, nani duniani angelitaja tena?

Hata hivyo niliitika kwa wiki kadhaa. Niliitika kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake.

Kilichonitoa huko ni mpira. Baba wa nyumba ile, mume wa madam, alisomea uhandisi Ujerumani ujanani, akarudi na digrii na klabu. Klabu yenyewe ni ya zamani, ya mji wa viwanda, na wenye klabu ni wanachama wake. Jumamosi baada ya Alasiri alivaa skafu yake ya sufu ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, na hakuna aliyethubutu kumcheka isipokuwa shemeji yake, kaka wa madam, aliyekuwa akija kutoka Riyadh kwa shughuli zake. Shemeji naye alishabikia timu ya Ujerumani, lakini ile iliyonunuliwa na kampuni ya sabuni ya unga. Baba aliiita Timu ya Sabuni. Jina lake lingine hakulitamka hata siku moja.

Siku timu hizo mbili zilipokutana, niliingia sebuleni na kahawa na tende. Mpira ulikuwa umeanza, wachezaji wanakimbia, lakini uwanja ulikuwa kimya. Watu maelfu wamesimama, mikono wamekunja, midomo wamefunga.

"Baba, sauti ya televisheni imekatika?" nikauliza.

Baba na shemeji yake wakacheka.

"Haijakatika," Baba akasema. "Hao ni wenzangu. Wamegoma kushangilia. Wanaisusia Sabuni."

Akanieleza, kwa Kiarabu cha polepole alichonizoesha. Kwamba kwa Wajerumani sheria inataka wanachama wawe na kura nyingi kuliko tajiri. Kwamba kampuni ile ilichukua timu ya mji mdogo, ikaandikisha wanachama wachache, karibu wote watu wake yenyewe, na hapo sheria ikawa imetimizwa. Ikabadilisha rangi, ikabadilisha nembo, ikabadilisha jina. Mashabiki wa timu nyingine wakachukia: wengine hawasafiri kwenda kwenye uwanja wake, wengine hutundika mabango, wengine hunyamaza hivi.

"Na uwanja mpya nani kajenga?" shemeji akadakia. "Hao wanaonuna? Timu ilikuwa inaoza. Leo watoto wa mji ule wanaona mpira mkubwa mlangoni kwao. Jina linafunga magoli?"

"Wenye timu walienda wapi?" nikauliza.

"Wengi walibaki, wakavaa rangi mpya," Baba akasema. "Wachache walikataa. Wakaanza upya daraja la mwisho kabisa, kwa jina lao lilelile. Wanabadilishia nguo kwenye banda la mkulima."

"Wanashangiliwa na ng'ombe!" shemeji akapiga paja lake.

"Ng'ombe wanaojua wanamshangilia nani," Baba akajibu, na sauti yake ilikuwa imekaza kabisa, ya mtu aliyefiwa.

Nikarudi jikoni na trei. Palepale madam akaniita kutoka juu, kwa jina lile. Sikuitika. Sikuwa nimepanga, mdomo tu haukufunguka. Akaita tena, akaita kwa ukali, halafu nikasikia viatu vyake kwenye ngazi.

"Wewe, huna masikio?"

"Ninayo, madam."

"Nimekuita!"

"Umemwita aliyeondoka. Mimi niko hapa."

Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Shemeji akapaza sauti, "Wallahi, na huyu kagoma! Mleteeni bango!" Akacheka mpaka akakohoa. Nikamtazama Baba. Nilimngoja yeye, yule aliyekuwa akililia jina la timu ya banda la ng'ombe. Hakutoa macho kwenye televisheni.

"Mambo ya mpira usiyaingize jikoni," akasema.

Basi nikajua kwamba huruma yake ilikuwa ya watu wa mbali. Aliyesema neno ni yule wa Sabuni. Kicheko kilimwisha, akafuta mdomo, akamwuliza dada yake, "Kwani Mama alikuwa akimwitaje?" Na kabla hajajibiwa akalitaja jina langu, limepindwa palepale alipolipinda mama yake.

"Mama alikuwa na mtu mmoja," madam akasema. "Mimi nina nyumba. Kama hataki, namrudisha Riyadh, kwenye ofisi ya wakala iliyomleta."

"Sawa, madam," nikasema.

Timu ya Sabuni ilishinda siku ile. Mimi nilifunga mkoba wangu, nikauweka mlangoni mwa jikoni mahali anapopita kila mtu, nikaendelea na kazi. Sikupunguza hata kijiko. Madam alipopiga makofi nilikwenda. Makofi si jina la mtu. Aliposema "inti", yaani wewe, nilikwenda. Alipoita jina lile niliendelea kukanda unga.

Nilimpigia simu mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa bado shuleni kwa jasho langu, nikamweleza.

"Dada, ukirudishwa tutafanyaje?"

"Nitatafuta kwingine."

"Kwa sababu ya jina tu?"

"Ndiyo. Jina tu."

Akasema yeye na wenzake watakula ugali mtupu kama ni lazima, nisilimeze jambo hilo. Sijasahau, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Ramadhani ilikuwa inakaribia, na ofisi isingempatia madam mtu mwingine kabla ya Idi. Hilo alilijua, nami nililijua. Akaja na njia ya kati: akanichagulia jina jipya, la Kiarabu, zuri kweli, ambalo halikuwahi kuwa la mfanyakazi yeyote. Alinipa kama mtu anayetoa zawadi.

"Asante, madam. Ninalo langu."

Akaondoka na uso umemshuka.

Alirudi mchana mmoja nikiwa ninajaza sambusa za kugandisha. Akasimama upande wa pili wa meza. Akalitaja, haraka, kama anayetema mbegu, na sauti ya katikati ikapotea.

"Si hivyo, madam," nikamwambia, nikalitamka polepole.

Nilidhani atanipiga. Alinitazama, akavuta pumzi, akajaribu tena. Halikunyooka, lakini lilikuwa langu.

"Naam, madam."

"Zimefika trei ngapi?"

"Mbili."

"Wageni ni wengi. Yalla, ongeza."

Nikafungua paketi nyingine ya unga.