Bei ya Winga Wetu

Jumamosi moja, katika saluni ya Isipingo, kamati ya timu yetu ya soka ya Wakongo na Warundi tunaoishi huku ugenini ilibishana kuhusu winga wetu wa zamani. Ana miaka thelathini na minane; tulimwomba arudi kutuchezea, naye akataja pesa nyingi.

"Hiyo pesa iko ya jezi na taxi za wachezaji wote," mweka hazina alisema, akigonga meza kwa kitana.

"Eish, lakini ni yeye!" kocha akajibu.

Kura zikagawanyika sawa, ikabaki yangu. Nilikumbuka krosi zake za enzi zile, nikanyoosha mkono kukubali. Tukamlipa.

Mechi ya kwanza alipigiwa pasi ndefu pembeni. Alikimbia hatua tano, akashika paja, akautazama mpira ukitoka nje. Hakuna aliyemzomea. Afadhali wangemzomea.

Nilimfuata alipokaa akivua viatu. "Pole, mukubwa," nikamwambia.

"Nilitaja bei kubwa ili mukatae," akasema bila kuinua uso. "Mimi mwenyewe nilishindwa kusema nimekwisha."

Sisi tulidhani tunamheshimu. Kumbe mwenzetu alituomba tumsaidie kustaafu, nasi tukamlipa aaibike mbele ya watu.