Kuku Niliyemchagua

Juzi, hapa mtaani kwetu Shanwe, mwanangu alimnyooshea kidole kuku wa jirani akisema ni mzuri, nami nikaushusha mkono wake haraka.

Nilikuwa na umri kama wake tulipokwenda likizo Ikola, kwenye kibanda cha mbao cha shangazi, ziwani kabisa. Upepo ulileta harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Hatujakaa hata kidogo, shangazi akanishika bega. "Haya mgeni wetu, chagua kuku unayempenda."

Nilidhani napewa wa kurudi naye Mpanda. Niliwapita majogoo wote, nikamwonyesha tetea mweupe aliyetulia mapajani mwa Neema, binti yake.

Neema alimtazama mama yake.

"Mgeni ameshachagua," shangazi alisema taratibu.

Sasa najua kwamba mgeni akishachagua hakatazwi. Mchana ule mimi nilikuwa nyuma ya gari, natoboa boksi ili kuku wangu apate hewa njiani.

Tulipoitwa kula, Neema ndiye aliyenipakulia. Aliniwekea paja. Nilikula nikashiba, kisha nikamuuliza kuku wangu yuko wapi.

Aliniongezea mchuzi.