Njia ya Mwani na Barua Zangu

Barua tano nilimwandikia sheha, mkuu wa kijiji, zote kwa mkono wangu, zote zina saini moja. Nilikuwa mwalimu mgeni katika kijiji jirani na Jambiani. Nilihamishwa kutoka mjini mwaka aliofariki mume wangu, na nyumba niliyopanga ilikuwa na chumba kimoja zaidi ya nilichohitaji. Mwenye nyumba ya wageni alipojenga ukuta na kuifunga njia ya pwani, wanawake wanaolima mwani wakawa wanazunguka mbali, magunia yanawachuruzikia maji kichwani. Nikasema, hapa pana kazi yangu.

Nikaitisha mkutano darasani, saa kumi jioni. Nikapanga madawati, nikaandika ajenda ubaoni. Hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja mmoja, jirani yangu, vidole vimechubuka kwa kamba za mwani. Akasimama mlangoni.

"Karibu ndani, bibi."

"Nshakaribia, mwalimu. Nnakwenda kupika. Nimekuja kukwambia tu, saa kumi sisi ndo kwanza tunatoka pwani, tumelowa, na mwani haujaanikwa. Hukutuuliza."

"Basi tukutane saa ngapi?"

Akacheka kidogo. "Sisi tunaonana kila siku, kulekule majini."

Hakunialika, nami sikuomba. Nikaenda kuandika barua ya tano.

Yaliyofuata niliyasikia kwa wanafunzi. Ile njia ya kuzunguka ilipita mbele ya nyumba ya sheha, basi wanawake wakakubaliana kwamba kila asubuhi kila mmoja atasimama barazani kwa sheha kumwamkia. Hapakuwa na kelele wala matusi.

"Shikamoo, sheha."

"Marahaba."

Umeamkaje, mguu unaendeleaje, watoto hawajambo? Akimaliza wa kwanza, wa pili keshafika. Hata wawili waliokuwa hawasemezani kwa ugomvi wa vigingi vya kufungia mwani walisimama mstari mmoja. Chai ya sheha ikawa inapoa kila siku. Akiwauliza mbona wote wanapita kwake, wanamjibu kwa adabu kwamba njia yao imefungwa. Mwezi haukuisha, akavaa kofia yake akaenda mwenyewe kwa mwenye ukuta. Mafundi wakabomoa ukuta kwa upana wa mtu na gunia lake.

Nilipokutana naye njiani, sheha aliniambia, "Barua zako nilizipata, mwalimu. Kiswahili safi kabisa."

Jioni ile nilipiga hodi kwa jirani yangu. Mwaka mzima tulipakana ukuta, na sikujua ana watoto wangapi. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, wameshaanza kupanga habari nyingine, ya kisima cha kijiji. Wakanisogezea mkeka, wakanipa kikombe. Mwanzo walisema Kiswahili changu cha mjini, kwa kunistahi. Mazungumzo yalipokolea wakarudi kwenye lahaja yao ya kusini, na nusu yake sikuielewa. Nikanywa chai. Walipocheka, nikacheka.