Waya wa Chumba cha Nyuma

Iko siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu, siku ambayo nyumba yetu ya Erdington, huku ng'ambo, haikuwa na kuta za ndani. Mafundi walikuwa wamebomoa lipu ya zamani na kusimamisha fremu za mbao kwa ajili ya kuta mpya, na ukisimama jikoni ulikuwa unaona mpaka mlango wa mbele. Jua la alasiri liliingia huku likatokea kule, vumbi likielea ndani yake bila haraka. Tulikuwa tukiishi humo humo. Mimi na baba yako tukipita katikati ya kuta kama majini, tunacheka, tunaambiana hapa patakuwa chumba cha watoto, na watoto wenyewe hamjazaliwa.

Sasa na wewe umenunua nyumba, na umeniambia mafundi wanaanza kubomoa wiki ijayo. Ndiyo maana nakuandikia. Soma polepole, wala usinijibu kwa Kiingereza kabla hujafika mwisho.

Baba yako, unamjua, akipenda kitu hapumui. Wakati ule alikuwa anafanya kazi karakana ya treni kule Tyseley, na alikuwa amepanga mtandao wa nyumba nzima. Ruta ingekaa chini ya ngazi. Kutoka hapo nyaya zingepita ndani ya kuta: mmoja uende nyuma ya televisheni ya sebuleni, ili mpira usikatikekatike, mwingine kwenye meza yake ya kazi ghorofani, na mwingine darini juu ya ngazi, pa kubandikwa kifaa cha kusambaza Wi-Fi kwa simu zetu. Nilimsifu sana. Nilimwambia hata mawaziri hawana mtandao kama huu. Chumba cha nyuma, kile kilichoongezwa upande wa bustani, hakikupangiwa waya hata mmoja. Kilikuwa cha bibi yako, mama yake baba yako, na yeye tulikuwa tumeshamuuliza.

"Mie sina haja na kitu, wanangu," alitwambia. "Nitilieni kitanda na pahala pa kuswalia, basi."

Tukafurahi kwamba Mama hana makuu. Unawajua wazee wetu wa Unguja: ukimkaribisha chakula atakwambia ameshiba, na huku njaa inamuuma. Tulilijua hilo tangu utotoni, na bado tuliyapokea maneno yake vile vile yalivyo, pengine kwa sababu yalitupunguzia kazi.

Lakini bibi yako alikuwa na dada yake, Bi Saada, aliyebaki Unguja, mgonjwa wa figo, hatoki kitandani. Kila siku baada ya swala ya alasiri walikuwa wakionana kwa simu ya video. Mama mwenyewe hakuweza tena kupanda ndege. Daktari alimkataza kwa ajili ya moyo wake. Walikuwa wanajua wote wawili, bila kutamkiana, kwamba hawatagusana tena hapa duniani. Walichobakiwa nacho ni ile simu.

Siku ile ninayokwambia, fundi wetu, Bwana Harjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alikuwa ameshapigilia vibao vya kuzuia baridi katika chumba cha nyuma. Vibao vyenyewe vimefunikwa karatasi ya foili, vinameta. Nilimtafuta Mama nimpe chai, nikamkosa nyumba nzima. Nikachungulia dirishani nikamwona bustanini, amejitanda kanga juu ya koti la baridi, ameinua simu juu kama mtu anayeanika nguo. Anaita, "Saada! Saada, wanisikia?" Mvua ya rasharasha, ile inayonyesha na jua liko, ilikuwa inamlowesha naye hana habari.

Nikatoka mbio. "Mama, utaugua! Ingia ndani."

"Ndani Saada anakatika. Tangu kutiwa yale makaratasi yanayometa, nikiingia chumbani kwangu anapotea."

"Mbona hukutwambia?"

Akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Mumeo nimemzaa mie. Miaka yote ananiona nimekaa na Saada kila alasiri, na wewe unaniona. Hata hili nalo niliombe?"

Nilimwingiza ndani, nikamfuta maji, nikamwita baba yako. Bwana Harjit naye akaja, akagonga kibao kwa kidole.

"Hii foil haipitishi signal, Mama," alisema. "Na kesho asubuhi tunapiga plasta. Kama mnataka waya huku, ni saa hii."

Baba yako alimletea mama yake kiti cha jikoni, atuoneshe atakaa wapi. Na hapo, mwanangu, likatokea jambo ambalo nikifumba macho naliona. Bibi yako alikichukua kile kiti akaanza kuzunguka nacho chumbani, taratibu. Akakiweka pembeni, akakaa, akanyanyuka. Akakisogeza penye mwanga, akakaa tena, akageuza uso kidogo, kama yuko mtu anamsikiliza. Chumba kizima kilikuwa kinameta na yeye yumo katikati, anapanga alasiri zake zote zilizobaki. Mwishowe akatulia upande wa dirisha, akatabasamu.

"Hapa," alisema. "Hapa uso wangu ataniona vizuri."

Basi waya ukavutwa jioni ile ile, chini ya sakafu, mbali na nyaya za umeme, ukaishia kwenye kifaa kidogo cha Wi-Fi ukutani, juu ya pale penye kiti. Asubuhi wakapiga plasta.

Bi Saada alifariki mwaka uliofuata, alasiri, simu ikiwa wazi. Watoto wake walikuwa wamemzunguka kule, na bibi yako amekaa pale dirishani anamsomea Yasin, mwanzo mpaka mwisho, na sauti haikukatika hata mara moja. Alipomaliza alimwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sikupata kulisikia kabla. Bi Saada akafumbua macho, akamtazama mdogo wake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nalia, na namshukuru Mungu kwa waya.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kitu kinachokaa pahala pamoja kipe waya, na Wi-Fi iachie vinavyotembea. Unapodhani waya mmoja unatosha, tia mbili, na kila ukuta upige picha kabla haujafungwa, maana ukishapigwa lipu utasahau nini kimepita wapi. Lakini kabla ya yote hayo, mama mkwe wako utakayekaa naye, mpe kiti azunguke nacho nyumba ingali mifupa mitupu. Usitosheke na kumuuliza anataka nini. Angalia anakaa wapi, na ujue akikaa hapo anazungumza na nani.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye kheri na wakaaji wanaoangaliana. Awape afya ulio nao karibu, na walio mbali usiache kuwaita, naye akuwezeshe kuwapata wangali wanakusikia. Amin.