Plagi Rangi ya Chai

Baba hakuamini mashine yoyote ya kupima mashine nyingine. Miaka yote aliyokuwa fundi hapa Timau, akitengeneza pikapu za wakulima wa ngano na jenereta za mashamba ya maua, kipimo chake cha petroli kilikuwa kimoja: chai ya mama. Alifungua plagi, kile kichuma cha kutoa cheche ndani ya injini, ikingali moto, akaishika kwa kitambaa, akaiweka kando ya kikombe na kufumba jicho moja. Plagi ikiwa nyeupe, injini ina njaa, haipati petroli ya kutosha. Ikiwa nyeusi, inakula kupita kiasi. Ikiwa rangi ya chai ya mama, anafunga boneti na kumwita mwenye gari.

Mama alizaliwa Kanja, kule Embu, kwenye majani chai, na mchezo huo haukumpendeza. Kila siku saa nne alileta kikombe gerejini, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Chai yangu si ya kupimia vyuma," alikuwa akisema. "Kunywa, inapoa." Baba alikunywa, lakini baada ya kupima.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike mama. Baba alifunga gereji wiki ile ile, akaanza kunywa turungi, chai isiyo na tone la maziwa. Ati maziwa yanamsumbua tumbo. Uongo mtupu. Mtu aliyekunywa maziwa tangu utotoni hadi mvi hawezi kuamka siku moja maziwa yakawa adui yake. Nilimwambia hivyo, akanitazama tu, nami nikajuta. Hata mimi, nikiwa ofisini Embu mjini, saa nne huagiza soda ili nisione kikombe.

Mwaka jana nilinunua gari. La Kijapani, kuukuu kidogo, lenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini ili iwe na nguvu kuliko umbo lake. Fundi mmoja wa Embu aliniongezea presha ya hewa, akaweka nozo kubwa za kumwaga petroli, akabofyabofya kompyuta yake nusu saa na kuniambia sasa nitapaa. Nilipaa kweli. Sitajifanya mtakatifu: kuyapita malori kwenye milima ya Chuka kulinifurahisha. Ila sababu kubwa ilikuwa nyingine. Nilitaka kila Jumamosi nifike nyumbani kabla ya saa nne, maana saa hiyo baba huketi nje peke yake akitazama mlango wa gereji.

Jumamosi moja, nikipanda kutoka Subuiga, injini ilianza kugonga kama kokoto ndani ya debe. Nilifika polepole. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, amevaa koti lake zito, na kabla sijaingia langoni alikuwa amesimama.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Inajiua."

Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa gereji. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, tukalimwagia mafuta na kulipigapiga hadi likakubali. Ndani kila spana ilikuwa mahali pake. Baba alitoa plagi zote nne na kuzipanga kwenye gazeti. Zilikuwa nyeupe kama majivu.

"Mami," aliniita, jina analoniita mimi bintiye tangu utotoni, "nani aliweka hizi nozo?"

"Fundi wa Embu."

"Nozo ni kubwa, sawa. Lakini pampu ni ile ile gari ilikuja nayo. Turbo inaleta upepo mingi, petroli haifiki. Ungepanda mlima ingine moja, pistoni ingeyeyuka."

"Alitumia kompyuta, baba."

"Na hiyo kompyuta, hunywa chai?"

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu mazishi. Nilicheka hadi akaniuliza kama niko sawa.

Jumamosi iliyofuata nilileta pampu kubwa. Tulinyanyua kiti cha nyuma, tukaitoa ya zamani kwenye tanki, naye akaitia mpya huku akinung'unika kuhusu mafundi wa siku hizi wanaoanza na mbwembwe na kusahau tumbo. Juu ya injini akafunga kifaa chenye skrubu ya kupandisha na kushusha presha ya petroli. Baada ya hapo kazi ilikuwa kupanda mlima. Niliendesha kwa nguvu zote, na tulipokaribia kileleni aliniamuru nizime injini ghafla ili rangi ya plagi isibadilike, nisirudishe ufunguo hadi mwisho usukani usije ukafunga, kisha niliache gari lijiviringishe hadi kando ya barabara. Hapo akatoa plagi zikiwa moto, akazisoma, akazungusha skrubu robo mzunguko, tukarudi chini kuanza upya.

Mara ya tatu nyeupe ilikuwa imeondoka na rangi imeanza kuingia. Tulikuwa tumesimama kando ya ngano, upepo unapuliza. Baba aliinua plagi kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto ukanyooka pembeni, kiganja wazi, ukingoja kikombe. Ulikaa hivyo kitambo. Nikageuka kutazama ngano, kwa kuwa sikutaka ajue nimeona.

Tuliporudi nyumbani alisema, "Pika chai. Ya maziwa."

Nilipika. Akaweka plagi kando ya kikombe na kutikisa kichwa. "Hii ni ya hoteli." Nikapika nyingine. "Hii ni ya mkutano wa kanisa." Ya tatu hakuifanyia mzaha. Aliitazama, akaitazama plagi, akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Sijui tena," alisema. "Hiyo rangi imenitoka."

Nikahisi baridi iliyoshinda ya Timau. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba rangi ile iko salama kwake, kwamba mimi nimesahau lakini yeye anayo, na siku moja nitamwomba anionyeshe. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akimtegemea mwenzake. Nilimkosa mama wakati ule kuliko nilivyomkosa siku ya kaburi, na gari halikuwa na maana yoyote kwangu.

Baba akainuka, akavuta droo ya chini ya meza ya kazi, akaanza kupekua kopo la skrubu. Alitoa plagi ya zamani iliyofungwa kwa kipande cha aproni. Nilikitambua kitambaa cha mama.

"Hii ni ya ile pikapu yetu," alisema. "Iliungua vizuri kushinda zote, rangi ya chai ya mama yako kabisa. Petroli ya siku hizi haichori hivi kirahisi. Nilitaka kumwonyesha, akaniambia ako na kazi, ataona kesho. Nikaiweka."

"Na kesho yake?"

"Nilisahau."

Aliiweka ile plagi kando ya zile nne, akafumba jicho moja, akasema bado robo. Tukapanda mlima mara moja zaidi. Plagi zilipotoka, ilibidi uwe yeye ili utofautishe mpya na ya zamani. Injini haikugonga tena, na mpaka leo haijagonga.

Nyumbani, yeye alibaki anafunga boneti. Mimi niliichukua ile plagi ya pikapu, nikaingia nayo jikoni. Nilitoa majani ya Kanja ambayo dada zake mama hutuletea na ambayo hayakuwa yakifunguliwa, nikayachemsha, nikaiweka plagi kwenye kisahani kando ya kikombe, halafu nikatia maziwa kwa kijiko. Kijiko kimoja, natazama. Kingine, natazama. Miaka yote chai ilikuwa ikiipima plagi, leo plagi ndiyo iliyokuwa ikiipima chai. Nilipoifikia rangi ile nilijua nimefika, nikakiweka kijiko chini.

Nikampelekea baba gerejini. Alifuta mikono, akapokea kikombe, akaishika plagi karibu na ukingo wake. Akafumba jicho. Uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka mitatu, na akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeomba spana:

"Ndiyo hii. Mwite mama yako aone."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mimi pia nilisikia. Hakurekebisha, nami sikumrekebisha. Niligeuka nikaenda jikoni, kama nilivyotumwa, nikasimama pale karibu na jiko hadi nikamsikia baba akianza kunywa.